Klachi ya Baba

Kwetu Myamba mtu husikika kabla hajaonekana. Barabara inapanda kutoka Maore kwa kujikunja, kona baada ya kona, na kila mwenye pikipiki hulazimika kubadilisha gia mahali palepale, siku zote. Mama akiwa shambani anachuma maharage aliweza kusema nani anapita bila kuinua kichwa. Huyu anachelewa kupunguza gia, injini inalia kama mtu anayesukumwa. Huyu anapunguza mapema mno, ana woga. Na huyu, ambaye gia yake haisikiki kabisa, ila injini inashusha pumzi kidogo na kuivuta tena, huyo ni baba.

Baba alikuwa bwana mifugo. Alistaafu nikiwa bado shuleni, lakini ng'ombe hawakupewa taarifa. Waliendelea kuvimba matumbo na kukwama na ndama, na wenye ng'ombe waliendelea kumtafuta yeye. Simu zilikuwapo, ila mtandao kule juu huja na kuondoka unavyotaka, kwa hiyo watu walimsikiliza tu. Mwenye mnyama mgonjwa alitoka akasimama kando ya barabara, akangoja injini ile inayoshusha pumzi, akainua mkono. Baba alisimamisha pikipiki, akaweka fri, yaani gia huru, kwa ncha ya kiatu, akauliza, "Tangu lini hajacheua?" Hakuanza na salamu. Salamu zilikuja baadaye, ng'ombe akishasimama.

Kuweka fri kwa ncha ya kiatu, chombo kikiwa bado kinabingirika kidogo, si jambo dogo. Katika pikipiki iliyo nzima, gia zinapita kama shanga kwenye uzi ukijua kushika klachi: vidole vinne vinavuta, waya unakazika, injini na gurudumu vinaachana, mguu unagusa, vidole vinaachia polepole, vinashikana tena. Baba alinifundisha hivyo kwenye uwanja wa shule, siku za likizo. "Usiikamate kama kamba ya fahali," aliniambia. "Iombe tu." Yeye mwenyewe kamba ya fahali ilimfanyia ubaya. Miaka ya nyuma, huko tambarare, fahali alimbana mkono wa kushoto kwenye nguzo ya josho, na kidole cha pete kikapona kikiwa kimepinda. Hakikumsumbua. Alivuta klachi kwa vidole vitatu na cha nne kikafuata.

Nilimaliza chuo nikarudi nyumbani bila kazi. Nilikuwa na daftari zilizojaa hadithi, na kule Same kulikuwa na watu sita au saba wenye ugonjwa kama wangu. Tulikutana Jumamosi kwenye darasa moja tuliloazimwa, tukasomeana tulichoandika, tukabishana hadi koo zikauma. Sijapata tena furaha ya namna ile. Lakini kutoka Myamba hadi Same ni safari: ushuke hadi Maore, uipite Kisiwani na vumbi lake lote, ukafike umechoka. Nilihitaji pikipiki, na pikipiki ilikuwa ya baba.

Aliniazima. Hakuwa mtu wa kunyima. Alikuwa na sharti moja tu, kwamba nisibebe mizigo. Chombo kile kilikuwa cha mtu mmoja na sanduku la dawa. Nami nilikubali, na msimu wa tangawizi ulipofika nikaanza kubeba. Wanawake wa jirani waliniomba niwashushie viroba hadi Maore, na kurudi nilipandisha saruji, sukari, mabati, chochote. Walinishukuru, wakaniita mwanangu, na mimi nilipenda kuitwa hivyo. Viroba vitatu nyuma, kona zile, na mimi sikuwa na mkono wa baba. Pale alipopunguza gia, mimi nilishikilia klachi nusu na kupiga resi, pikipiki ikapanda ikitetemeka huku harufu ya kitu kinachoungua ikinifuata. Nilijua harufu ile ni ya nini. Nilifanya hivyo wiki nyingi.

Kisha klachi ikaanza kuteleza. Unapiga resi, injini inapaa, gurudumu linabaki kule lilikokuwa. Dawa yake ni kufungua injini na kubadilisha pleti za klachi zilizoungua, na kufungua kungemfanya baba aulize. Kwa hiyo nilitafuta njia yangu. Kwenye mkono wa klachi kuna kiskrubu cha kukazia waya. Nikakilegeza. Ikasaidia kidogo. Nikalegeza tena, na nati ya chini kwenye injini nayo, mpaka pleti zilizobaki zikabanana kabisa na pikipiki ikapanda mlima. Niliona nimekuwa fundi.

Waya ukilegea hivyo, klachi haiachii. Unavuta mkono mpaka unagusa usukani, na ndani ya injini vitu havijaachana. Gia inaingia kwa nguvu, inagonga: ko. Pikipiki inaruka mbele. Ukisimama, fri huipati, unapiga mguu juu, unapiga chini, na injini inazima. Mimi nilijua la kufanya. Niliacha klachi kabisa, nikategea mlio wa injini na kuzipitisha gia kavukavu injini ikipumua. Kwangu gia ziliingia.

Baba hakujua. Asubuhi moja aliichukua, akaondoka, na pale kona ya juu ya shamba letu nikasikia: ko.

Mama aliinua kichwa. "Nani huyo?"

"Baba," nikasema.

"Aa, si yeye," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Ko ile ilisikika mlima mzima. Siku ya kwanza watu walidhani ni mgeni, na mzee mmoja mwenye ng'ombe aliyevimba alibaki ndani kwake akimngoja baba ambaye alikuwa ameshapita. Baada ya wiki waliizoea, na utani ukaanza. Pale sokoni, vijana wa bodaboda walisimama kumsalimia kwa heshima zote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, leo umeanza kupasua kuni mapema."

"Kuni gani?"

"Tulisikia shoka kule kwenye kona."

Walicheka. Baba naye alicheka, huku akipiga mguu juu na chini kutafuta fri, na injini ikazima katikati ya kicheko chake. Mmoja akasema, kwa sauti ya chini lakini si chini ya kutosha, "Umri huo. Babu yangu naye alianza hivihivi, akaja akaparamia boma la mtu."

Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Kitu rahisi kuliko vyote kingekuwa kushuka na kusema, baba, nililegeza waya. Sikusema, kwa sababu ingefuata ya viroba, na ikifuata ya viroba, Jumamosi zangu zimekwisha. Nilijiambia nitairekebisha kimya kimya. Kila siku nilijiambia hivyo.

Baba alianza kuutazama mkono wake. Nilimwona akikaa kwenye benchi nje, akiukunja na kuukunjua, akikivuta kile kidole kilichopinda. Akaanza kuupaka mafuta ya mwarobaini. Mara moja nilimkuta amepanda pikipiki iliyozimwa, uani, anavuta klachi na kuachia, anavuta na kuachia, kama mtoto anayejifunza. Aliponiona akashuka, akajifanya anafuta taa.

Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, aliiwasha pale mbele ya mlango. Mama alikuwa hajapanda bado, namshukuru Mungu. Baba alivuta klachi hadi mwisho, akaweka gia ya kwanza. Ko. Pikipiki ikaruka. Mguu wake ulikuwa bado chini, usukani ukamponyoka, chombo kikaenda peke yake hatua tatu na kulala kwenye maua ya kanisa. Yeye aliketi chini na suti yake. Hakuumia. Wanakwaya waliokuwa kwenye ngazi walishuka kumwinua, wanne, na kila mmoja akasema pole. Kadiri walivyokuwa wapole ndivyo alivyozidi kusinyaa.

Jioni hiyohiyo shangazi alikuja. Shangazi ni dada mkubwa wa baba, na kwetu neno lake katika mambo ya nyumba ya kaka yake halina wa kulirudisha. Alikula makande yake yakaisha, akafuta mdomo, akasema tukae.

"Mdogo wangu," akasema, "umetibu ng'ombe wa nchi hii mpaka wanakujua kwa harufu. Ukivunjika wewe, nani atakutibu? Utajichoma sindano ya ng'ombe?"

"Nimeteleza tu, dada."

"Umeteleza ukiwa umekaa. Nyoosha huo mkono tuuone."

Baba akaunyoosha. Kile kidole kilikuwa kimepinda vilevile kama kilivyokuwa tangu nilipozaliwa, lakini sasa wote walikitazama kama ushahidi.

"Gia haziingii tena," baba alisema. "Navuta mpaka mwisho. Nahisi nimevuta. Lakini naona sina nguvu ya kumaliza."

Mama alikuwa upande wake. Ndiye pekee aliyefikiria kuuliza. Alinigeukia.

"Wewe unaipanda kila siku. Hiyo pikipiki haina ubovu?"

Wote watatu walinitazama. Nakumbuka taa ya sola ilikuwa inaanza kufifia, na kuku alikuwa anakwangua chini ya kabati. Nakumbuka pia kuwa nilikuwa na muda wa kutosha. Sikubanwa.

"Haina shida, mama," nikasema. "Kwangu gia zinaingia."

Neno baada ya neno, ulikuwa ukweli. Baba aliurudisha mkono mapajani na kuufunika na ule mwingine. Shangazi akasema basi imekwisha, chombo akabidhiwe kijana, na mzee akitaka kwenda mahali apelekwe. Baba akatoa ufunguo mfukoni. Hakunitupia. Aliinuka, akaja, akaniwekea kiganjani.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Same mapema. Kabla ya kwenda kwa wenzangu niliipeleka kwa fundi mmoja karibu na stendi, mtu wa makamo mwenye kofia ya kufuma, ambaye alifanya kazi akiongea kama mwalimu wa madrasa. Alivuta mkono wa klachi mara moja tu.

"Dogo, nani kalegeza waya namna hii?"

"Ilikuwa inateleza."

"Ikateleza, ukalegeza. Yaani mtoto ana homa, wewe unavunja kipimajoto."

Aliifungua. Pleti zilitoka nyeusi, zimepinda kama chapati iliyosahauliwa, na ile harufu ikajaa kibanda chake chote. Akanipa moja niishike.

"Hapa pamebebwa mzigo. Siyo sukari ya kilo mbili. Nani alikuwa anaiendesha?"

"Mzee wangu."

"Mzee? Na klachi hii? Kwenye milima ile?" Alitikisa kichwa. "Huyo mzee ana mkono wa chuma. Mtu wa kawaida ingemwangusha siku ya kwanza. Msalimie sana, mwambie nimemvulia kofia."

Hakuivua, alikuwa na grisi mikononi. Alifunga pleti mpya, akarudisha waya mahali pake, akaniambia nijaribu. Nilivuta klachi kwa vidole viwili, nikagusa gia, na sikusikia kitu.

Nilikaa na wenzangu siku nzima tukisoma. Jioni nilipanda. Kwenye kona ya juu ya shamba letu nilipunguza gia na injini ikashusha pumzi, ikaivuta tena, na mama, ambaye alikuwa anafunga mzigo wa majani, akaachia kamba na kutazama barabarani haraka. Kisha akaona ni mimi.

Baba alikuwa kwenye benchi, ndoo ya maharage kati ya magoti, anapukuchua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umepunguza gia pale kwenye kona?"

"Ndiyo, baba."

"Sikusikia kitu." Aliendelea kupukuchua. "Una mkono mwepesi. Mimi nilikuwa najidanganya tu. Ilifaa nikukabidhi zamani."

Ningesema pale. Klachi ilikuwa imeshatengenezwa, shangazi hakuwepo, tulikuwa wawili. Lakini sasa ilibidi nikiri viroba, waya, maua ya kanisa, na ile Jumapili jioni, vyote kwa mkupuo. Nikasema, "Asante, baba," nikaingia ndani.

Watu wa mlimani husikiliza, nimeshasema. Waliposikia injini ile inashusha pumzi tena, walitoka barabarani na kuinua mikono, na waliyemkuta ni mimi na begi la daftari. Wa kwanza aliniuliza, "Bwana mifugo yuko wapi?" Nikasema amepumzika. "Mgonjwa?" Nikasema uzee. Mwanzoni nilimpakia nikampeleka kwa wenye ng'ombe. Lakini mtu anayekwenda kazini amepakiwa na mwanawe, amekumbatia sanduku lake la dawa, hafiki kama alivyokuwa akifika. Watu walianza kumwonea huruma, wakaniambia mimi shida zao badala ya kumwambia yeye. Halafu kulikuwa na Jumamosi ambazo sikuwepo. Jumamosi moja mtu alikuja mbio, ng'ombe wake amekwama na ndama, na baba akatoka kwa miguu na sanduku lake, akipanda njia ya mkato. Alifika ndama ameshakufa. Alimwokoa mama wa ndama tu. Mwenye ng'ombe hakumlaumu, alimpa chai. Baada ya hapo wakaanza kumwita kijana wa mifugo kutoka Maore, mwenye pikipiki yake. Sanduku la dawa likahamia chini ya kitanda. Mama akaweka viazi vya mbegu juu yake.

Ile ya fundi kumvulia kofia sikuifikisha.

Mwaka ule niliandika hadithi ya mzee anayeacha kuendesha pikipiki kwa kuwa mkono wake umechoka. Niliisomea kundi letu. Nilipomaliza, mmoja akafuta macho, wakasema ndiyo kazi yangu ya kweli kuliko zote. Niliipandisha nyumbani ikiwa begini, nikiwa na furaha ya kweli, na naona aibu ya furaha ile kuliko ya viroba. Katika hadithi yangu pikipiki haikuwa na ubovu wowote.

Imepita miaka minne. Pikipiki ile haipo tena, nilishaiua kwa safari. Mwaka jana nilirudi Myamba kwa wiki mbili, nikamkuta baba amepungua, anatembea hadi kanisani na kurudi kwa vituo. Mkono wa kushoto sasa umechoka kweli. Kikombe anakishika kwa miwili. Niliona nikisubiri zaidi sitapata wa kumwambia. Tulikuwa wawili pale kwenye benchi, alasiri, ukungu ukianza kupanda kutoka Maore.

Nilimwambia yote. Nilianza na viroba, nikaja kwenye harufu, kiskrubu, nati ya chini. Nilimweleza jinsi klachi inavyokataa kuachia pale waya unapolegea, ingawa alijua kuliko mimi. Nilimweleza nilivyokuwa nikipitisha gia bila klachi. Nilimwambia nilichojibu mama aliponiuliza, na alichosema fundi wa Same, neno kwa neno. "Mkono wako ulikuwa mzima, baba," nikasema. "Ulikuwa mzima kuliko wa mtu yeyote mlima huu."

Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa anatabasamu. Sijawahi kuona tabasamu zuri kama lile usoni mwake tangu aweke sanduku chini ya kitanda.

"Umeipanga vizuri," akasema. "Hasa huyo fundi wa kofia."

"Baba, sijapanga. Ndivyo ilivyokuwa."

"Najua, najua." Alinigusa goti kwa kiganja, kama anavyomgusa ng'ombe aliyetulia. "Una moyo mzuri. Mtu mwingine angeniletea shati. Wewe umekaa ukamfikiria baba yako, ukamtungia kitu cha kumfariji."

Niliapa. Alicheka kidogo, akaniambia nisiape kwa ajili ya hadithi. Nilitaka kumwonyesha kitu, pleti moja nyeusi, waya, chochote, na sikuwa na kitu. Kila kilichokuwa ushahidi nilikuwa nimekitengeneza vizuri nikakitupa.

Akamwita mama kutoka jikoni. Mama alikuja akifuta mikono kwenye khanga, akavuta kigoda.

"Mwanao ana hadithi," baba akamwambia. "Ya ile pikipiki. Kaa usikie." Kisha akanigeukia. "Anzia kwenye tangawizi."

Nikaanzia kwenye tangawizi. Mara ya pili ilitoka vizuri zaidi.